Tani Mia Tano za Shaba na Kabuluku Mmoja

Ukikulia Kolwezi, kwetu Kongo, unajua kupima kabla hujajua kusoma. Mtoto akiokota jiwe la kijani njiani, mama hamwambii alitupe. Kwanza analipokea, analisikilizia uzito kiganjani, ndipo anatoa hukumu. Sisi tuliolelewa upande wa Kingamyambo tuna ugonjwa huo maradufu. Huko ndiko lilikolala tope la mabaki ambalo mitambo ya kuchenjua madini ilianza kulitema miaka ya 1950, enzi za kampuni ya Union Minière, ikaendelea kulitema enzi za Gécamines. Wataalamu walipolipima pamoja na lile la mto Musonoi walipata tani milioni 112 hivi, na katika kila tani mia moja mlikuwa na karibu tani moja na nusu ya shaba iliyowaponyoka wakubwa wa zamani. Mwaka 2009 serikali ilipofuta mkataba wa First Quantum, kampuni ya Canada iliyotaka kulichuja upya, watu walishitakiana kwa ajili ya tope hilo hadi Paris. Sisi hatukushitaki mtu. Julai upepo ukipita juu yake, shaba hiyo tunaipenga puani.

Basi mtu wa namna hii ukimpeleka mbele ya Budha wa Nara, usitegemee aanze kwa kukunja mikono. Ataanza kwa kukadiria.

Nilikwenda Japani kwa mafunzo ya watu wa migodi, pamoja na wenzangu wawili wa kazini. Mmoja ni mkuu wa idara yetu, mtu mzima mwenye tumbo la heshima, ambaye kwa desturi ya kwetu tunamwita Mukubwa hata mbele ya mke wake. Wa pili ni kijana wa maabara ambaye kabla ya kuajiriwa alikuwa mchimbaji wa mikono Kasulo, ule mtaa ambao mwaka 2014 watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao, wakaanza kuchimba sebuleni. Siku ya mapumziko wenyeji wetu walitupandisha treni Osaka, wakatupa ramani, wakatupungia mkono. Chini ya saa moja tukawa Nara.

Njiani niliwasomea kijitabu. Budha wa hekalu la Tōdai-ji ana karibu mita 15 akiwa amekaa, na kumbukumbu zinasema alimeza tani 499 za shaba, tani 8 na nusu za bati, na dhahabu ya kumpaka kiasi cha kilo 440. Nikatoa kalamu. Shaba iliyozikwa katika tope letu, nikawaambia, ingetosha mabudha elfu tatu na mia tatu, na chenji ingebaki.

Mukubwa alisimama katikati ya njia. "Elfu tatu? Na siye tunaikohola paka vile!"

Hapo nimkumbuke msomaji wa Mombasa au Unguja, nimweleze kwanza kitu kinachoitwa ordre de mission, maana bila hicho hataelewa msiba wetu. Ni karatasi moja tu, lakini Kongo mtu wa kazi akisafiri bila hiyo ni mzururaji. Inataja jina lako, cheo chako, uendako, sababu, chombo utakachopanda na nani atakayelipa. Inapigwa mhuri unapoondoka, inapigwa mhuri unapofika, inapigwa mhuri unapoanza kurudi. Ukirudi, mhasibu hakuulizi ulijifunza nini. Anauliza mihuri iko wapi. Kwenye kizuizi kimoja cha barabarani nimewahi kumwona askari akiisoma karatasi ya namna hiyo ikiwa kichwa chini, akaikunja vizuri, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili.

Wajapani walishangaa kidogo tulipowaomba mhuri wa kufika, ila walikuwa nao: kijiduara chekundu kinachoingia chote kwenye ukucha wa kidole gumba. Mukubwa aliuona mdogo mno kwa safari ndefu vile, akaomba upigwe mara tatu. Wakapiga mara tatu, wakainamisha vichwa. Tangu siku hiyo aliamuru kila mtu atembee na karatasi yake mwilini, mahali popote, hata tukienda kununua ndizi. Yangu ilikaa mfuko wa koti, ncha ikichungulia nje.

Kati ya kituo cha treni na hekalu kuna bustani, na bustani ile ina kulungu zaidi ya elfu moja wanaotembea watakapo, barabarani, kwenye ngazi, mbele ya maduka. Wenyeji husimulia kwamba mungu wa hekalu la Kasuga alifika Nara akiwa amepanda kulungu mweupe, na tangu hapo wanyama hawa ni wajumbe wake. Zamani kuua mmoja kulilipwa kwa uhai wa muuaji. Tangu mwaka 1957 wanalindwa na taifa kama kumbukumbu ya asili. Kijana wetu aliwatazama kwa macho ya mtu aliyekula makayabu, samaki wa chumvi, wiki nzima.

"Kabuluku," alisema taratibu. "Mingi vile. Na hakuna mutu anabakamata?"

Wageni wanauziwa biskuti za kuwalisha, za pumba ya mchele na unga wa ngano, siku ile kifungu kilikuwa yeni 200, nao kulungu wamejifunza kuinamisha kichwa ili wapewe. Jambo hilo lilimgusa sana Mukubwa, ambaye amekuwa akilalamika kwa miaka kwamba heshima imekwisha duniani. Kulungu mmoja mwenye pembe fupi akamwinamia. Mukubwa naye akainama. Kulungu akainama tena. Mukubwa akavua kofia, akainama zaidi. Itifaki ile ingeendelea mpaka jua kuzama kama kulungu asingechoka, akamng'ata kiunoni.

Mukubwa akaona ni busara kuonja biskuti kwanza kabla ya kuitoa.

"Mukubwa, ile ni ya banyama," kijana akamnong'oneza.

"Najua. Nafanya kontrole." Akatafuna, akafikiri. "Haina munyu."

Wakati mimi nacheka ndipo niliposikia mvuto nyuma ya koti. Kugeuka, naona ordre de mission yangu inaondoka kwa mwendo wa pole mdomoni mwa mjumbe wa mungu wa Kasuga. Nilishika ncha moja, yeye akashika nyingine. Nilimwambia kwa Kifaransa kwamba hiyo ni hati ya kikazi. Nikamwambia kwa Kiswahili aache. Aliinamisha kichwa kwa adabu, bila kuachia, na katika kuinama kule karatasi ikachanika katikati: mimi nikabaki na jina langu na cheo changu, yeye akabaki na mihuri yote, wa Kolwezi, wa Lubumbashi na ile mitatu midogo ya Wajapani. Akatafuna kwa utulivu, akinitazama machoni. Kijana, ambaye angeweza kusaidia, alikuwa amepiga goti moja akitafuta pembe nzuri ya kupiga picha.

"Sasa weye hukuingia Japani," Mukubwa akasema, na hakuwa akitania. Kwa hali hiyo ya kutokuwepo ndipo nikaingia hekaluni.

Sijui nilitegemea nini. Shaba ninayoijua mimi ni mabamba mekundu yanayong'aa, yamefungwa mikanda, yakingoja lori. Budha huyu ni mweusi, mweusi wa miaka elfu moja na zaidi, amekaa kwenye giza la ukumbi wa mbao wenye upana wa mita 57, mkono mmoja ameuinua kana kwamba anatuambia tupunguze sauti. Tukazipunguza. Tukasimama. Kisha Mukubwa, kwa sauti ya chini aliyoidhani ni ya ibada, akauliza swali lililokuwa vichwani mwetu wote watatu: usiku analindwa na askari wangapi? Kwetu waya wa umeme ukilala nje usiku mmoja, asubuhi unakuta nguzo peke yake. Tani mia tano zimekaa pale tangu karne ya nane, mlango ukifungwa jioni na kufunguliwa asubuhi, na hakuna aliyekuja na msumeno.

Habari za Budha huyu lakini si za amani. Ndui iliivamia Japani kati ya 735 na 737, ikaua watu bila hesabu, na mwaka 743 Mfalme Shōmu akaamuru atengenezwe Budha wa kuiombea nchi. Aliagiza kila mtu aruhusiwe kuchangia, hata asiye na kitu ila unyasi au konzi ya udongo. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu, maana Kolwezi konzi ya udongo si mchango mdogo. Ingepelekwa maabara kwanza. Walianza kummimina mwaka 747 wakamaliza 749, kwa awamu nane, kuanzia chini. Kila awamu ikipoa walijaza udongo pembeni, wakapandisha tanuri juu ya udongo ule, wakamimina nyingine juu yake, hata Budha akawa amezikwa mpaka shingoni kwenye kilima alichojengewa. Ndipo wakamfukua. Nilimwambia kijana kwamba naye basi alichimbuliwa, akaafiki kwa kichwa, akimwangalia Budha kama anayemwangalia mtu wa mtaani kwao. Dhahabu waliichanganya na zebaki, wakampaka, wakachoma zebaki ipae. Kazi hiyohiyo wanaifanya leo wachimba dhahabu wa Ituri, na sumu ni ileile.

Mimi kilichonimaliza ni arseniki. Shaba ya Budha ilitoka hasa mgodi wa Naganobori, magharibi mwa nchi, na wanakemia wameitambua kwa sababu ya arseniki yake nyingi. Miaka elfu na mia mbili imepita, na shaba bado inasema kwao ni wapi! Nilimweleza kijana jambo hilo kwa mikono yote miwili, macho yakinitoka, nikielekeza kifua cha Budha, mpaka bibi mmoja wa Kijapani akasogea kando yetu akafumba macho, akidhani nasali. Shaba yetu inaondoka Kolwezi, inalala foleni Kasumbalesa, inafika Durban au Dar es Salaam, inapanda meli, na mimi niliyeipima sijawahi kukutana nayo tena ikiwa na uso. Huenda imo kwenye treni iliyotuleta. Huenda imo kwenye simu ya kijana, ile iliyopiga picha badala ya kunisaidia. Hata wazee wetu waliokuwa wakimimina misalaba ya shaba kwa ajili ya mahari walijua msalaba fulani uko nyumba gani.

Budha naye wamemhangaikia. Mwaka 855 tetemeko lilimwangusha kichwa, kikarudishwa. Mwaka 1180 vita vilichoma hekalu, mwaka 1567 vita vingine vikalichoma tena, kichwa kikaharibika, na baada ya hapo alikaa zaidi ya miaka mia moja bila ukumbi wa maana juu yake. Kichwa alichonacho sasa ni cha miaka ya 1690, ukumbi ni wa 1709, na ni mdogo kuliko ule wa kwanza. Mukubwa alisikiliza orodha hiyo ya matengenezo kwa makini ya mtu aliyewahi kuomba pampu mpya kwa barua, akajibiwa baada ya pampu ya zamani kuibiwa.

Tulipotoka kupumua, Mama akapiga simu ya video. Nara ilikuwa saa nane mchana, Kolwezi saa moja asubuhi, naye amevaa kitenge cha kwenda ibada. Kwa bahati nilikuwa nimesimama mbele ya Binzuru, sanamu ya mbao ya mwanafunzi wa Budha, amevikwa kofia na joho jekundu, amekaa nje kando ya mlango. Wanaamini ukigusa mahali pake panapolingana na maumivu yako, kisha ukajigusa mwenyewe, unapona. Nikafanya kosa la kumweleza Mama.

"Papa, gusa goti," akasema papo hapo. Mama huniita papa kwa kuwa nina jina la baba yake.

"Mama, leo unaenda kanisani."

"Njo kwa ile nasema gusa mbio."

Goti gani? La kuume. Kuume kwake au kwa sanamu? Alinionyesha kwa kidole, lakini simu iligeuza picha, nikagusa la kushoto. Akapiga kelele kwamba hilo ni zima, nisije nikaliharibu. Nyuma yangu foleni ilikuwa ikikua, wazee wa Kijapani na magoti yao, wote wakiwa kimya kwa adabu inayouma kuliko matusi. Nikahamia goti la pili, nikalisugua vizuri. Sasa nilitakiwa kujigusa mwenye maumivu, na mwenye maumivu yuko Kolwezi. Nikasugua kioo cha simu. Mama, upande wake, akaweka simu juu ya goti, kwa hiyo kwa muda fulani nilichokiona ni kitenge tu.

"Na pasta akiuliza?" nikamwambia aliporudi.

"Ataniuliza miye? Miye sikugusa mutu. Weye njo uligusa."

Niliporudi ndani nilikuta Mukubwa na kijana nyuma ya Budha, kwenye nguzo yenye tundu. Nguzo hiyo imetobolewa karibu na sakafu, upana sentimita 37 hivi, kimo 30, na husemwa tundu hilo linalingana na tundu la pua ya Budha. Anayepenya hadi upande wa pili amejiwekea nuru ya maisha yajayo. Watoto wa shule, kofia za njano, walikuwa wakiingia huku na kutokea kule bila kugusa mbao.

Kijana alivua viatu, akainua mikono juu ya kichwa, akalaza bega moja, akapita. Hakutumia hata muda wa kusimulia. Watoto wakapiga makofi, naye akasimama pale akijipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Banapiga makofi juu ya nini?" akaniuliza. Kasulo aliingia matundu ya kipimo hicho miaka kadhaa, tochi kichwani, na ukitoka unaulizwa mfuko una kilo ngapi.

Hapo Mukubwa akawa hana njia. Mkuu wa idara hawezi kupitwa na msaidizi wa maabara katika mambo ya nuru. Alinipa koti, simu, pochi, saa. Akafikiri, akanipa na mkanda. Kichwa kiliingia, mabega yakaingia kwa mazungumzo, mbavu zikafuata. Kisha likaja tumbo, na safari ikaishia hapo. Kichwa kilikuwa kimefika Nara, miguu ilikuwa bado Kolwezi. Watoto wakanyamaza. Mwalimu wao akasema neno la upole ambalo halikusaidia.

"Jambo," sauti ikasema nyuma yangu. "Batu ya wapi?"

Alikuwa mzee wa Kijapani mwenye kofia ya kijivu. Ujana wake aliutumia Musoshi, kule Katanga, wakati Wajapani wa Nippon Mining walipokuwa wakichimba shaba yetu. Walisaini mkataba mwaka 1967, wakaondoka 1983. Kiswahili chake kilibaki kile cha shimoni, maneno machache na yote ya kazi. Hakuuliza nini kimetokea, alikwisha ona mambo kama haya. Alizunguka upande wa kichwa, akachuchumaa.

"Patron. Toa pumuzi yote. Usirudishe." Akatugeukia. "Beye, mikulu! Moya, mbili, sukuma!"

Watoto wakalipenda neno hilo. Hekalu la Tōdai-ji, ambalo mwaka 752 lilimwona mtawa Bodhisena wa India akimchora Budha mboni za macho, sasa likajaa sauti thelathini zikiitikia "Sukuma! Sukuma!" Mzee akisukuma mabega, sisi tukavuta miguu, na kwa kuwa mkanda nilikuwa nao mimi, kilichotangulia kuja ni suruali. Mwalimu akawageuza watoto wote wamtazame Budha. Mvuto uliofuata ukamleta Mukubwa mwenyewe, mzima, mwenye vumbi, upande uleule alioingilia.

Alivaa. Akafunga mkanda polepole. Akamshukuru mzee kwa mikono miwili, na mzee akamuuliza kama pombe ya lutuku bado inapikwa Kasumbalesa.

Ndani ya treni Mukubwa alitaka kujua msimamo wa sheria. Nusu ya mwili ilipita. Je, nusu ya nuru inahesabika?

"Mukubwa," kijana akasema, akiwa bado anaangalia dirishani, "weye ulitokea kwenye uliingilia. Njo kusema ulirudi kunako maisha hii hii."

Tuliporudi Kolwezi nilienda kwa mhasibu na nusu ya karatasi na picha moja. Picha ni nzuri, lazima nikiri kijana ana jicho: kulungu amenikazia macho, na kwenye pembe ya mdomo unauona mhuri mmoja mwekundu, mzima, unasomeka. Mhasibu aliikuza kwa vidole viwili. Akauliza mnyama yule ni wa nani. Nikasema ni mjumbe wa mungu wa pale, analindwa na serikali tangu 1957. Akauliza kama ana cheo. Nikasema kumbukumbu ya asili.

Alifikiri, akafungua faili, akaandika pembeni mwa nusu yangu ya karatasi kwa mwandiko safi: hati imepokelewa na mjumbe wa mamlaka ya dini ya mahali, imebaki kwake. Akapiga mhuri. Akapiga na juu ya picha.

Kisha akaomba risiti ya biskuti.